Madamu wa Banda la Mizani

Madamu hakupenda watoto. Alisema hivyo mwenyewe, mbele ya watoto wenyewe, huku akimfunga mmoja vifungo vya shati na kumfuta mwingine pua kwa ncha ya kitenge chake. Watoto walicheka. Mimi niliyekuwa nikisikia kwa mara ya kwanza nilishtuka, maana nilikuwa nimemleta binti yangu Esta na nilitegemea maneno matamu. Baadaye nilizoea. Alieleza kwamba yeye anapenda kazi inayokwisha, na mtoto ni kazi isiyokwisha, sasa ampendee nini.

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuwahi kumuuliza baba yake alikuwa nani. Nilimkuta akiwa ameshastaafu ualimu wa serikali. Huku Zambia kila mwalimu wa kike ni madamu, na shuleni walikuwako wengi, lakini pale ufukweni Nchelenge ukisema Madamu bila kuongeza neno, hata mvuvi mlevi alijua unamsema nani. Mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi wa nyavu upande mmoja. Alitembea akitazama chini kana kwamba ameangusha sindano.

Kazi yake ilikuwa hii. Shule ya msingi ilikuwa ikiwaachia watoto saa saba mchana. Kuanzia hapo hadi jua kushuka watoto walikuwa mali ya ziwa. Wengine walianika samaki, wengine walichota maji, wengine walilala ndani ya mitumbwi iliyopandishwa, na wengine waliwafuata wazazi kwenye kambi za uvuvi kisiwani Chisenga na hawakurudi tena. Darasa la tano lilijaa hadi dirishani, la saba lilibaki na nafasi za kulala. Madamu alitaka kitu kimoja tu: kuanzia saa nane hadi saa kumi watoto wakae chini, wale, wasome, ili wasiishie njiani kabla ya mtihani wa darasa la saba. Basi. Kama alikuwa na ndoto nyingine, hakuniambia.

Banda alilosomeshea lilikuwa la mizani ya samaki. Asubuhi tunapima na kugombana ndani yake, mchana liko tupu. Sisi mama wa samaki, wachuuzi wa pale ufukweni, tulimpa kwa sharti kwamba liachwe safi, naye akageuza sharti akasema sisi ndio tuliache safi kabla watoto hawajaja. Tukajikuta tunasugua sakafu ambayo hatukuwahi kuisugua tangu ijengwe. Harufu haikuondoka hata hivyo. Esta alirudi nyumbani akiwa na harufu ya samaki kwenye madaftari, na mwalimu wake wa asubuhi alilalamika.

Mabenchi yalitoka kanisani. Jumamosi yalirudi kwa ajili ya ibada, Jumatatu yakaletwa tena, na kila mara lilipungua moja ambalo hakuna aliyejua limelala wapi. Shule ilitoa ubao na mwalimu mmoja kijana, siku anazojisikia. Sisi mama wa samaki tulitoa kila mmoja sahani ya chisense, hawa dagaa wadogo wa ziwa letu la Mweru, kwa chakula cha watoto. Na shirika moja la kutoka mbali lilitoa unga, vitabu na fulana. Wote hawa waliitwa washirika. Walikuwa na komite, na komite ilikuwa na katibu, na katibu nilikuwa mimi.

Nilichaguliwa kwa sababu najua kuandika, na kwa sababu siku ya uchaguzi nilikuwa nimekwenda kujisaidia. Mimi ni Mkongo wa ng'ambo, wa Kilwa yetu ya Kongo. Watu huku wakiona Mkongo hudhani ametoka makazi ya wakimbizi ya Mantapala. Mimi sikukimbia vita. Nilivuka na vitenge, nikakuta samaki, nikabaki. Kifaransa changu ni cha darasani, Kibemba changu ni cha sokoni, na Kiswahili ndicho cha moyoni. Komite ilipenda mchanganyiko huo, ikadhani ni elimu.

Mikutano ya washirika ilinichosha kuliko kubeba magunia. Hakukuwa na mkutano ambao mtu hakusimama kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mchungaji alisema kwa Kibemba, mwalimu mkuu akasema kwa Kiingereza, na mimi nikaandika kwa Kiswahili, chawa yuleyule, mwezi hadi mwezi. Kisha lilifuata jambo la mabango. Kanisa lilitaka bango lake mlangoni, shirika lilitaka lake liwe kubwa zaidi, shule ikaleta la tatu, na sisi mama wa samaki, ambao hatukuwa na haja ya bango, tukaona aibu tukachora la nne. Madamu alipita kati ya nguzo hizo nane akiinama kila siku. Siku moja aliniuliza kwa upole kabisa kama hatuwezi kuyalaza mabango hayo chini, watoto wakapata pa kukalia Jumamosi.

Kiswahili chake kilikuwa cha biashara, kama cha Wazambia wengi wa ziwani. Alikiokota kwenye mizani, akinunua samaki kwetu miaka mingi, kwa hiyo kila alichotaka kusema ilibidi akiseme kwa maneno ya soko. Esta alipolia siku ya kwanza, Madamu alichuchumaa mbele yake akamwambia: punguza kidogo. Mtoto akinyamaza muda mrefu darasani, alimuuliza kama leo hajafungua. Jibu zuri lilikuwa la bei ya juu, na uongo ulikuwa samaki wa juzi. Watoto wa Kikongo waliokuwa wakichekwa shuleni kwa sababu ya Kibemba chao kibovu walimcheka yeye kwa sababu ya Kiswahili chake kibovu, na nadhani aliwaachia kwa makusudi. Kibemba chake chenyewe kilikuwa kizuri hivi kwamba wazee walinyamaza akizungumza.

Alikuwa mkali wa mwandiko. Herufi iliyolala aliifuta, ukairudia hadi isimame. Lakini raporo zake mwenyewe, taarifa za kila mwezi, ambazo nilipaswa kuzinakili, zilikuwa kama nyayo za bata matopeni. Nilipomtania alisema mwandiko wa mtoto unaangaliwa na mtihani, wake yeye unaangaliwa na mimi. Alihubiri kwamba mtu hatakiwi kula akisimama, naye sikuwahi kumwona amekaa wakati wa chakula. Aliwasomesha watoto wa kisiwani jina la kila ghuba na kila mdomo wa mto, ila maji aliyaogopa kama kifo. Hakuwahi kukanyaga Chisenga hata mara moja. Mzazi wa kule aliyetaka kusemezana naye ilibidi avuke, na alivuka.

Asante hakuzipenda. Mama mmoja alimletea kuku, Madamu akamuuliza kuku huyu amekuja kusoma darasa la ngapi. Kuku alipikwa siku hiyohiyo, kipande kidogo kidogo kwa kila mtoto, na mwenye kuku akasaidia kuwasha moto huku amenuna.

Sasa niseme jambo la mwezi, kwa sababu ndilo lililotufikisha tulipofika.

Chisense huvuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina kazi, samaki hawaifuati, wavuvi wanalala. Mwezi ukifa, giza likiwa kamili, mitumbwi yote inatoka, na alfajiri ufuko unapokea samaki wa kuanika. Hapo kila mkono ni mkono. Asubuhi wanamwagwa kwenye mikeka na mchanga, mchana wanageuzwa, jioni wanakusanywa kabla ya umande, na mvua ikitishia wanakimbizwa. Ni kazi ya mama na watoto. Mama asiyegeuza samaki wake siku hiyo, kesho anauza uvundo.

Shule ya serikali hufuata kalenda. Madamu alifuata mwezi. Majuma ya mbalamwezi banda lilijaa, na alisomesha kwa nguvu, hesabu juu ya hesabu, hadi watoto walitoka wamelegea. Majuma ya giza alipunguza. Aliwasomesha wachache waliokuja, kisha akachukua kijiti chake akashuka ufukweni, akapita mkeka kwa mkeka, akiwauliza waliokuwa wakigeuza samaki saba mara nane ni ngapi. Hakumgombeza mama yeyote kwa kumtumia mtoto. Alijua ugali wa nyumba hiyo unatoka wapi. Alichodai ni kwamba mwezi ukirudi, mtoto arudi. Na walirudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yote ya banda letu, na siri ya mtungi aijuaye kata.

Shirika halikuijua. Tuliwaandikia idadi ya watoto kila mwezi, idadi ya kweli, ya majuma ya mbalamwezi. Hatukuona haja ya kueleza. Nani anaeleza kwamba jua hutoka asubuhi?

Ingekuwa vema kumkumbuka Madamu kama mtu asiyechoka, na siku ya sherehe za shule wapo waliosema hivyo. Si kweli. Alichoka mbele ya macho yangu. Mwaka wa kwanza alikuwa akifika kabla yetu, mwaka wa nne alifika tukiwa tumeshasugua. Miguu ilivimba, akaanza kuvaa kandambili za mwanamume. Kwenye mikutano alisinzia, na alipoamshwa apige kura alinyoosha mkono bila kuuliza ni kura ya nini. Shirika lilibadilisha karatasi za raporo mara tatu. Karatasi ya mwisho ilitaka kila mtoto aandikwe urefu, uzito, dini ya wazazi na kama ana furaha. Madamu aliishika karatasi ile muda mrefu. Akaniambia nijaze mimi, na pale kwenye furaha niandike kila mtu ndiyo, tupumzike.

Ndipo shirika likatangaza kwamba wakubwa wao wanakuja kuona kwa macho. Wakiridhika, wangetujengea darasa na kuendelea kutoa unga hadi watoto wale wafike mtihani. Wasiporidhika, hawakusema.

Ujumbe wa tarehe ulikuja kwenye simu yangu. Walitaja siku mbili, tuchague. Nilikuwa bandarini nikigombana na mwenye mtumbwi juu ya magunia yangu yaliyolowa. Nikajibu sawa, ile ya kwanza. Sikutazama juu wala sikuhesabu. Mimi ninayeishi kwa chisense, ninayeujua mwezi kuliko ninavyozijua siku za juma, nilichagua siku kama mtu wa mjini. Nilipofika nyumbani na kukaa, nikahesabu kwa vidole. Siku niliyoichagua ilikuwa katikati ya giza.

Ningeweza kuandika tena. Dakika mbili tu. Lakini niliona haya. Niliwaza watasema katibu Mkongo hajui hata kusoma ujumbe. Nikajidanganya kwamba Madamu atawaita watoto, na Madamu akiita nani atakataa. Kisha nikaenda kumwambia tarehe, na aliponiuliza ni nani aliyeichagua, nikasema ni wao.

Aliitika tu. Akaendelea kuchonga penseli.

Alfajiri ya siku hiyo ziwa lilitoa samaki kama halijawahi kutoa. Ufuko wote ulimetameta. Na upande wa Kongo yalisimama mawingu meusi, kwa hiyo hakuna mama aliyethubutu kuachia hata mkono mmoja wa mtoto wake. Wageni walifika saa nane kamili, wamevaa viatu vya kufunga kamba. Ndani ya banda walikuta watoto tisa. Waliwahesabu, wakatoka, wakarudi wakahesabu tena. Mimi sikumtafuta Esta kati ya wale tisa, kwa sababu nilijua yuko wapi. Alikuwa kwenye mikeka yangu, nimempeleka mwenyewe.

Madamu aliwasomesha wale tisa vilevile, bila kupaza sauti wala kupamba. Mgeni mmoja alipouliza wengine wako wapi, alimwonyesha kwa kijiti chake ufukweni na kumwambia wako pale, wanafanya kazi, mwezi ukirudi watarudi. Mgeni akatoka hadi mlangoni. Akasimama kati ya nguzo za mabango akiwatazama watoto walioinama juu ya samaki, akafungua daftari, akaandika kwa muda mrefu. Nilimtazama akiandika nikajua la kuvunda halina ubani.

Barua yao ilikuwa ya adabu sana. Ilisema mpango hauwafikii watoto waliolengwa, na kwamba jamii inawatumikisha watoto saa za masomo. Walitushukuru kwa ushirikiano. Baada ya barua ile kila mshirika aligeuka wakili. Kanisa lilisema shule haikuhimiza, shule ikasema mama wa samaki ni wenye tamaa, sisi tukasema kanisa lilijali mabenchi yake tu. Hakuna aliyeuliza nani alichagua tarehe. Jumamosi moja mabenchi yalikwenda kanisani, na Jumatatu hayakurudi. Watoto walipokuja tukawaambia mabenchi yanatengenezwa. Walikuja siku mbili zaidi, wakaacha.

Madamu alijaribu kidogo. Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa mbele ya banda kwa majuma mawili ya mbalamwezi, na kijiti chake magotini. Niliweza kumwona kutoka kwenye meza yangu ya samaki. Sikwenda. Nilijifanya nina wateja.

Misimu miwili ya mvua ilipita kabla sijaenda kumwona. Alikuwa amehamia Kafutuma, kwa mdogo wake, karibu na kituo cha afya, kwa sababu miguu ilihitaji dawa kila juma. Kila mara nilisema nitakwenda, na kila mara nilipata sababu. Mwishowe nilifunga mzigo mdogo wa samaki wakavu na sabuni, maana mkono mtupu haulambwi, nikakodi baiskeli.

Nilimkuta ukutani upande wa kivuli, amekaa kwenye kiti, miguu imenyooshwa juu ya gogo, anabambua karanga. Alikuwa amepungua. Miwani ilikuwa na uzi mpya. Alinitazama nikiteremka, akasema mbona nimechelewa, kama vile tuliagana jana na kuahidiana. Mdogo wake alileta kiti kingine na maji, akatuacha.

Tulizungumza habari za kawaida. Bei ya chisense, kufungwa kwa uvuvi ziwani, nani amekufa. Alisema miezi yake ya mwisho pale Nchelenge watoto walikuwa hawamsalimii. Wakimwona anakuja walikata njia nyingine, nyuma ya vibanda. Alilisema hilo bila kulalamika, kama anavyoeleza hali ya hewa. Wamesahau, alisema, na ni haki yao, mtoto ana mambo mengi. Lakini aliacha kubambua karanga aliposema hivyo.

Nikaona nisipoitoa siri ya tarehe ya wageni sasa, sitaitoa tena.

"Ba Madamu, ile tarehe ya baweni, haikuwa bao. Ni miye. Balitupatia siku mbili, miye njo nilichagula ile ya giza. Kisha nilikudanganya."

Hakushtuka. Aliweka ungo wa karanga chini, akajifuta mikono.

"Nilijuaka, Bana Esta."

Bana Esta maana yake mama wa Esta, ndivyo Wabemba wanavyomwita mwanamke kwa heshima. Nilimuuliza alijuaje. Akasema nilipomtajia ile siku alihesabu mwezi palepale, akiwa bado ameshika penseli, na alijua kwamba watoto hawatakuja. Na kuhusu nani aliyechagua, uso wangu ulikuwa umeshamwambia.

"Sasa ju ya nini haukusema?" nikamuuliza. "Tungebadirisha."

Kuku walikuja, wakaokota maganda ya karanga, wakaondoka.

"Nilichoka," alisema. "Kichwa yangu ilikuwa inasema: bakuye na giza, baone kweli. Lakini roho ilikuwa inasema: biishe, nilale. Roho njo ilishinda. Nilifurahi hata, ile siku. Batoto tisa. Nikasema, kesho nalala."

Nilikasirika. Nakiri. Mvua mbili nilibeba jambo lile kama gunia lililolowa, nikikwepa macho yake na njia zake, na yeye alikuwa nalo la kwake muda wote. Kisha hasira ikanitoka, nikalia, naye akaniacha nilie. Tulipomaliza tulicheka kidogo, bila nguvu, wanawake wawili wazima waliouza shamba moja kila mtu akidhani ameliuza peke yake. Aliniambia hana neno na mimi. Nikamwambia sina neno na yeye. Nilihisi mwili umekuwa mwepesi, nikaanza hata kuangalia jua nijue saa ya kurudi.

Ndipo akaniuliza.

"Shiye babili tumemaliza. Batoto je? Nani alibaelezea?"

Nikasema hakuna. Tuliwaambia habari ya mabenchi.

Alitikisa kichwa. Akauchukua ungo wake. Hakunituma niwaambie watoto, wala hakunilaumu. Alibambua karanga moja, na nyingine, hadi nilipoaga. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, mikavu, yenye vumbi la karanga, akaniambia nisalimie Nchelenge. Hakusema nimsalimie nani.

Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilimkuta Esta uani, amekaa kwenye kigoda, anachagua chisense wakubwa kutoka kwa wadogo. Sasa ni msichana mrefu. Mtihani wa darasa la saba aliufanya, akapita kwa taabu. Rafiki yake Bupe, aliyekuwa akikaa naye benchi moja kwa Madamu, hakuufanya. Alimfuata mama yake kambini Chisenga mwaka ule ule banda lilipofungwa, na mpaka leo anaanika samaki kule. Esta hamtaji.

Nilikaa karibu naye nikamwambia nimetoka kwa Madamu. Mikono yake ikasimama. Nikamweleza yote, tangu ujumbe wa simu hadi karanga, kwa lugha yetu ya nyumbani, bila kujipunguzia. Nilitegemea atanikasirikia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli.

"Mama, shiye tulijuaka kama ni shiye," alisema. "Ile siku tulikuwa ku mukeka. Mweni alisimama mu mulango, akatuangalia, akaandika. Bupe akasema: ametuandika. Tumefunga masomo ya Madamu. Njo tukaanza kumukimbia mu njia. Tulikuwa tunasikia haya."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia si ninyi, mlikuwa mnafanya kazi ya wazazi wenu, kosa ni la wakubwa, la kwangu na la wengine, si la mtoto hata mmoja. Nilimwambia mara tatu. Kila mara aliitika ndiyo mama, kwa heshima, kama mtoto anavyomwitikia mkubwa, na akaendelea kuchagua samaki.